Klabu Inayowafaa

Klabu ya kwanza iliharibiwa na keki.

"Kavu kama sifongo," Barica alisema mara walipoingia garini. "Keki ya kokwa za jozi bila hata tone la ramu! Mama yangu angeitupa kwa kuku."

"Barica, ile ni klabu ya watu wanaoacha pombe," mumewe Štef alimkumbusha kwa upole, akigeuza gari kuelekea nyumbani. "Ramu wataitia vipi?"

"Basi waoke kitu kingine. Mimi pale sirudi."

Štef hakubisha. Katika ndoa yao ndefu alikwisha kujifunza kwamba kuhusu keki hakuna mwanamume wa kwao Zagorje aliyewahi kushinda.

Hata hivyo, klabu ilikuwa lazima ipatikane. Binti yao Jasenka, aliyejifungua mwezi wa Aprili, alikuwa amesema kwenye simu bila kuzunguka: "Bila klabu, mtoto simleti. Nawapenda, lakini simleti." Na klabu zenyewe hazimpokei mtu peke yake. Kwa desturi yao mnywaji huja na mwenzi wake wa ndoa, wote wawili huacha kunywa, na wote wawili huketi kwenye duara kila wiki. Ndiyo maana Štef alikuwa amelivingirisha pipa la mwisho la mvinyo wa shamba lao hadi uani na kulizibua kwa mkono wake mwenyewe. Mvinyo ulipokuwa ukitiririka kuelekea kwenye banda la bata, mke na mume walilia. Bata peke yao ndio waliofurahi.

Klabu ya pili ilikutana kwenye ukumbi wa parokia. Mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alimwendea Štef mikono wazi na kumkumbatia mbele ya watu wote.

"Karibu, ndugu yangu! Hatua ngumu umekwisha kuipiga. Hapa hakuna atakayekuhukumu."

"Ahsante, Mwalimu," Štef alisema kutoka kifuani mwa mwenyeji wake, kwa kuwa alikuwa bado hajaachiliwa.

Kisha mwalimu akamgeukia Barica, akamwomba asimulie ya nyumbani, naye Barica akasimulia. Alisimulia chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, iliyofichwa ndani ya buti la mvua, na nyingine iliyofichwa kwenye mashine ya kufulia, ikasahauliwa humo mpaka ikafuliwa pamoja na mashuka. Alisimulia ubatizo wa mtoto wa jirani, ulioishia kwa mtu kukutwa asubuhi amelala kwenye kitalu cha kabichi. Alisimulia vizuri mno. Watu walicheka, halafu wakafuta machozi. Wanawake wakamzunguka na kumshika mikono.

"Pole, dada. Umebeba mengi."

Ndani ya gari Barica alijifuta mikono kwa leso mpaka walipopita kanisa.

"Yule mwalimu anahubiri kuliko padri," alisema hatimaye. "Na wale wanawake wananishikashika kana kwamba nimefiwa. Sirudi."

"Tutatafuta nyingine."

"Wewe huchoki, Štef?"

"Nachoka. Ila gari bado."

Klabu ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya kituo cha zimamoto. Mwenyekiti, mwanamke mwembamba aitwaye Slavica, hakumkumbatia mtu. Aliwaonyesha viti viwili na sahani ya biskuti za chumvi, ambazo Barica alizitazama kwa mashaka. Kabla hata hawajatulia, mzee mmoja upande wa pili wa duara alimnyooshea Štef kidole. Alikuwa Imbro, fundi wa mapaa, mwenye sauti iliyozoea kusikika kutoka juu ya paa.

"Wewe! Hebu mwangalie mkeo alivyokonda. Mimi nilikuwa nguruwe kama wewe, tena nguruwe mnene zaidi, kwa hiyo najua ninachosema. Huoni haya?"

"Imbro, taratibu," Slavica alionya.

"Taratibu ya nini? Nasikia mtoto wa watu anazungushwa klabu hadi klabu kwa ajili ya koo la mtu mmoja! Umempa nini huyu maishani, bwana, zaidi ya kuokota chupa?"

Watu walitazama sakafu. Štef aliikunja kofia yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Masikio yake yalikuwa yameiva kama nyanya.

"Ni kweli, mzee," alisema polepole. "Mke wangu hapa ana haki ya kusikitika. Msimlaumu yeye. Yeye hana kosa."

"Angalau unakiri. Una wajukuu?"

"Ninaye mmoja. Bado sijamwona."

"Na hustahili kumwona!"

Kiti kilianguka. Barica alikuwa amesimama, mdogo wa umbo, ngumi zake zimekunjwa.

"Mfungeni mdomo huyo mzee!" alifoka. "Mume wangu hajawahi kulewa hata siku ya harusi yetu. Mimi naitwa Barica, na mlevi ni mimi."