Jina la Ninga

Bi Mize alikuwa akifuta vioo vya darubini kwa upindo wa kanga, miguu yake iliyochoka ikiwa ndani ya beseni la maji moto. Mwaka mzima chama chao cha watazama ndege kilikuwa kimezunguka, mtoni wakati wa masika, mlimani wakati wa kipupwe, na ninga, yule njiwa wa kijani, hakuwahi kuonwa na watu wawili kwa pamoja. Kesho ilikuwa siku ya matembezi ya mwisho ya mwaka. Ndege asiyethibitishwa na mashahidi wawili, jina lake hufutwa mwaka mpya, vitabuni na kwa watu walioitwa kwalo pia. Jirani yao Mzee Korongo, tangu ndege korongo akosekane, sasa aliitwa Mkazi, na ukimwita hivyo hageuki.

"Dada, tuseme tu tumemwona," alisema Shembilu, mwenzake wa chama, akikwangua matope ya viatu kibarazani.

"Mlimani nilimwona kweli. Wewe ulikuwa umeinama unafunga kamba ya kiatu."

"Mtanizika nalo hilo."

"Tukidanganya, mwanangu atabeba jina la uongo."

Binti yake alikuja na chai, akaketi karibu na beseni.

"Mama, mkimkosa kesho, utaniitaje?"

"Kunywa chai, Ninga."

Msichana alipoingia ndani, Bi Mize alijaribu kumwita kimoyomoyo kwa jina jingine. Zaina. Akashtuka kuona linamkaa vizuri.

Kioo cha pili kilikuwa bado na ukungu. Akaiweka darubini chini. Atakifuta alfajiri, wakiwa njiani.