Mgomo Baridi wa Musoma

Ng'ombe walimpita Felisian karibu na Butiama. Yeye alikuwa juu ya pikipiki, wao walikuwa wakienda kunywa maji, na bado walimpita, kuanzia dume la mbele hadi ndama wa mwisho. Felisian akawapungia mkono. Hakuwahi kujiona mwanamume kiasi kile.

Alikuwa kwenye mgomo.

Haukuwa mgomo wa mabango na filimbi. Huo waliujadili ofisini kwao Kamunyonge, wapeleka barua na vifurushi wote wa kampuni ya Njiwa, na kila aliyeusifu alimwomba mwenzake atangulie. Felisian mwenyewe alikuwa amepanda juu ya kreti la soda ili aonekane vizuri. Lilipotajwa neno kufukuzwa, alishuka taratibu, akalikalia. Ndipo wakakubaliana mgomo baridi: kazini mtu anakuja, sare anavaa, ila kazi anaifanya kwa mwendo wa kinyonga.

Walichodai kilikuwa kimoja tu: breki. Pikipiki za Njiwa ziliishiwa breki tangu masika, na wao walikuwa wakizisimamisha kwa visigino. Mara nyingi hawakusimama kabisa. Kifurushi walikirusha uani wakipita, na mwenye malalamiko walimwachia vumbi. Kisha Revocatus akaingia mtaroni kwenye mteremko wa Butiama, akavunjika mguu. Meneja wao, Madamu Judith wa ofisi kuu Bunda, alituma pole na kusema suala la breki linafanyiwa kazi.

Felisian alikwenda kumwona mwenzake, akakuta mguu umefungwa hogo la plasta hadi pajani. Akaogopa kweli. Njia ile ya mteremko sasa ilikuwa yake.

"Kaka Feli," Gati wa dirisha la wateja alimuuliza, "sasa tukigoma bila kumwambia bosi, si ataonaga ni uvivu tu?"

Neno hilo lilikuwa na ukweli. Lakini nani aseme? Anayetamka mgomo ndiye anayeitwa kiongozi wa mgomo, na viongozi huwa na maisha mafupi kazini. Felisian, aliyejihesabu mjanja kuliko wote, alimfuata Prosper, dereva wa gari linaloleta mizigo kutoka Bunda, akamnong'oneza dirishani.

"Mwambie Madamu hivi: huku Musoma kuna baridi, atufikirie. Usiongeze neno. Mtu mzima ataelewa mwenyewe."

Prosper akajifuta jasho shingoni, akasema ujumbe utafika.

Mgomo ukaanza, na sheria zake alizitunga Felisian. Uendeshe mwendo ambao visigino vinauweza. Ukifika uzime, ushuke, upige hodi, ungoje. Mzigo uukabidhi kwa mikono miwili, kama kitoto kichanga. Mteja afungue, akague, aridhike, ndipo uage. Naye Gati, pale dirishani, amsikilize kila mtu mpaka mwisho, hata anayeanzia habari za wakwe. Jioni walirudi hoi, migongo imekufa.

"Kumbe kugoma kunachoshaga hivi!" Gati alilalamika akijikanda mabega. "Si bora tungefanya kazi?"

Lakini wananchi waliwaelewa. Hilo ndilo lililompa Felisian nguvu. Kule Kiriba, Mama Wegesa alipokea kifurushi chake, akakikagua kila upande, kisha akaingia ndani na kutoka na mfuko wa dagaa.

"Chukua, mwanangu. Na mwendelee hivi hivi," alisema. "Mkirudia mambo yenu ya zamani, nitapiga simu Bunda mimi mwenyewe."

Felisian nusura alie. Ofisini aliwaambia wenzake kwamba umma uko nasi, kwa sauti aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya waandishi wa habari, ambao mpaka leo hawajatokea.

Siku Madamu Judith alipoteremka mwenyewe kutoka kwenye gari la Prosper, Felisian alijificha chooni. Alitoka baada ya Gati kumgongea mlango na kumnong'oneza kwamba bosi hakuja na barua za kufukuza watu. Amekuja na katoni, tena kubwa.

Breki! Revocatus akaitwa haraka, akaja na magongo yake kushuhudia. Wakajipanga mbele ya katoni kama wanaosubiri picha.

"Simu hazipoi kule Bunda," Madamu Judith alianza. "Kila mteja ni Musoma, Musoma."

Felisian akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mshindi.

"Na wenzenu wa Bunda nitawaleta hapa muwafundishe."

Hapo Felisian alishangaa kidogo. Hakuwahi kusikia bosi anayetaka mgomo usambae. Akaona ni vizuri kushika mambo mawili matatu mkononi kabla huyu mama hajabadili mawazo.

"Na breki, Madamu?"

"Breki za nini tena, Felisian, kwa mwendo wenu huu?" Madamu Judith akacheka. "Nilikuwa nimeshaziagiza. Nilipoona hakuna anayeanguka tena, nikazisitisha. Lakini lile ombi lenu jingine sikulipuuza."

Akaisukuma katoni mbele. Gati akaipasua kwa kisu. Mlikuwa na masweta ya sufu, mazito, ya shingo ndefu, kila moja na njiwa wake kifuani.

"Prosper alinieleza," Madamu Judith alisema kwa huruma, "jinsi baridi inavyowatesa huku."