Kikapu cha Mkate

Kila Jumamosi Wistin huzunguka Valletta kwa miguu, eti anatalii mji alikozaliwa. Mji wenyewe unaumaliza kabla kahawa haijapoa, lakini chini ya roshani yangu hupita mara tatu.

Leo niliteremsha kwa kamba kikapu changu cha kununulia mkate. Kikasimama mbele ya pua yake.

"Mwokaji bado hajapita, mama," akasema bila kuinua macho.

"Nani kakuuliza mwokaji? Mimi mjane mwenzio nakuuliza, utachoka lini kutalii ukuta wangu?"

Jirani wa ng'ambo akafungua dirisha. "Mjibu, bwana! Mtaa mzima tunasubiri."

Wistin akavua kofia, akachungulia kikapuni. Mahali pa pesa za mkate palikuwa na ufunguo wa mlango wa chini, ule mzito wa chuma.

Kamba ikawa nyepesi mkononi mwangu.