Neno la Jumamosi

Komeo liligonga kwa nje, na mwalimu Alexander akajua yamemfika.

Alikuwa chumbani kwa Ng'washi, wala hakufuata ubaya. Kila Jumamosi alimfundisha Kiingereza uani, hapo Mabatini, mbele ya watu wote, maana binti alitaka kazi ya hoteli. Leo mvua ilikuja ghafla kutoka ziwani, na mama wa binti mwenyewe akawahimiza waingie ndani wasilowe. Sasa mlango umefungwa, na huko nje Masele, mjomba wa binti, anawaita wanaume wa ukoo.

Ona mambo! Neno la siku hiyo lilikuwa "nab". Ni la mtaani, alikuwa amemweleza: kumnasa mtu, ukamtia mkononi asiwe na pa kutokea.

Fimbo angezivumilia. Kilichomuuma ni kwamba hataingia tena nyumba hii, naye alikuwa amempenda Ng'washi siku nyingi bila kuthubutu kusema. Yeye Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa kujitolea, angemwambia nini mzee Luhaga, baba wa binti?

"Mwombe mama anitetee," alimsihi. "Yeye hana kinyongo na mimi. Kila nikija ananipa mkono."

"Mama anampa mkono kila mtu," Ng'washi alisema. "Anayemkimbia ni shemeji Ndalahwa tu, mume wa dada. Akimwona, anajifunika na kupita migombani. Kwetu mkwe anaheshimiwa hivyo."

Mwalimu hata hakusikia. Alikuwa ametega sikio mlangoni. Binti alikuwa ametulia, anajisuka nywele.

Mlango ukafunguliwa. Wanaume walijaa uani na fimbo zao. Alexander akawaamkia, shikamooni. Mzee Luhaga alimtazama toka juu hadi chini.

"Nenda," alisema. "Kesho urudi na wakubwa zako."

Basi ndiyo kesi hiyo, maskini. Akashika njia ya kutokea. Mbele yake akamwona mama anakuja na ndoo ya maji. Alimkimbilia, akanyoosha mkono amwombe msamaha.

Mama alivuta kanga akajifunika uso, akaacha njia, akapita migombani.

Nyuma, mlangoni, Ng'washi alicheka, akalitamka neno la leo bila kukosea.