Begi la Kwenda Ng'ambo

Abdulrazaq alisimama juu ya tela la lori, akainua begi lililojazwa mchanga mpaka zipu inalia, akaliachia.

Lilifika chini likiwa mabegi mawili.

"Jingine hilo!" Miraji, mwenye duka, akajishika kichwa. "Bwana wee, unakwenda safari au unakwenda vitani?"

"Uwanja wa ndege wanayarusha hivi hivi. Yaliyopasuka nitayalipa. Leta jingine."

Watu walishajaa mbele ya duka kama mnadani. Tangu serikali ifungue mlango wa bidhaa za nje, Miraji alikuwa akileta mabegi ya Dubai, yanang'aa kama samaki mbichi, na Kibiti nzima hakuna aliyewahi kuyauliza zaidi ya rangi. Sasa kaja huyu kijana wa mashine ya kukoboa mpunga, anavuta vishikio, anakagua mishono, anazimwagia zipu maji. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba begi moja la kijani, lilipomwona anakuja, lilijifungua lenyewe.

Pembeni mzee Bashiru hakuwa na makalio ya kukalia. Anakaa, anainuka. Anavua kofia, anaivaa. Ijumaa hiyo Abdulrazaq alikuwa anamwoa binti yake Salima, na tayari mji mzima unasema bwana harusi anatafuta begi la kwenda ng'ambo. Bwana harusi gani huyo, anayenunua begi la safari kabla ya kitanda?

Mwisho akashindwa, akasogea.

"Kijana, mwanangu si wa kuachwa ndani anahesabu boriti."

"Hataachwa, baba."

"Sasa begi la nini?"

"La msafiri."

"Msafiri! Sema 'mimi', unaona haya gani?"

Watu wakaangua kicheko. Abdulrazaq naye akacheka, akashuka kwenye lori, akashika begi la kahawia kwa mkono mmoja na kulirudisha palepale. "Hili zito hata likiwa tupu. Kule hakuna wapagazi. Lile jeusi lenye magurudumu, hebu."

"Magurudumu kwa mchanga huu?" Bashiru akabeza. "Utakokota mpaka uchimbe mfereji, ngalawa za Mbwera zije zitie nanga dukani kwa Miraji."

"Kule sakafu tupu, baba."

"Umefika?"

"Nimeulizia."

Bashiru akavua tena kofia. Kuvunja posa asingeweza. Ng'ombe alishanunuliwa, na kadi za mwaliko zimefika mpaka Ruaruke. Tena Salima mwenyewe, ambaye tangu amalize kidato cha sita alikuwa ndani kanuna, kwa huyu tu ndipo alipofungua mdomo akasema ndiyo. Wachumba wengine wote aliwarudisha na posa zao.

"Baba," Abdulrazaq akauliza huku akilipigapiga begi jeusi ubavuni, "nikishamwoa, neno la nani ndilo litakalofuatwa?"

Swali hilo lilimkuta Bashiru pabaya, maana jibu lake lilijulikana barabara nzima. Alikuwa akilisema msikitini, akalisema mashineni, akamwambia na mwalimu mkuu siku alipokuja kumwombea Salima ruhusa ya kwenda kusomea uuguzi Dar es Salaam: msichana kwake hatoki ila kwa ndoa, na akishaolewa ruhusa ni ya mumewe.

"Neno lako," akasema kwa uchungu. "Mimi simo."

"Miraji, umesikia?"

"Nimesikia, na duka zima limesikia. Nunua basi uondoke!"

Begi jeusi likajazwa mchanga, likapandishwa lorini, likaachiwa. Likadunda, likabiringika, likaigonga baiskeli ya Bashiru iliyoegemezwa ukutani. Baiskeli ikapinda. Begi halikuchubuka.

"Hilo," akasema Abdulrazaq.

Ijumaa nikaha ikapita salama. Alasiri ngoma zikalia, kina mama wakaja wanaimba, na mbele yao Mwanahalima, shangazi wa bwana harusi, amejitwika begi jeusi.

Bashiru alipoliona, akapiga makofi kwa furaha. Kumbe ni begi la bibi harusi! Kijana alikuwa anamnunulia mkewe begi la nguo, kama kila muungwana. Akajicheka, akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, bila hata kumtazama ni nani.

Ndani, begi likawekwa kwenye mkeka kati ya wanawake. Salima ameinamisha kichwa chini ya mtandio, kama inavyompasa bibi harusi. Mwamini, somo yake aliyemfunda, akafungua zipu ili atoe nguo moja moja, zionekane, zipigiwe vigelegele.

Akatoa doti ya khanga. Vigelegele.

Akatoa sweta. Vigelegele vikakatikia njiani.

Akatoa sweta jingine. Soksi za sufu. Glavu. Halafu koti, zito kama mbuzi.

"Mwamini, una hakika ndilo lenyewe?" mmoja akanong'ona.

Bashiru alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani, haya imemtoka. "Nilisema! Si nilisema? Kapakia nguo zake ndani ya begi la mke! Mwanahalima, mpwa wako anaondoka lini?"

"Nani, Abdulrazaq? Huyo hana hata paspoti." Mwanahalima alikuwa akijipepea kwa ncha ya khanga. "Lakini ndege ni Jumatatu."

Salima akavua mtandio, akasimama, akalichukua koti mikononi mwa Mwamini na kulivaa. Lilimkaa kiunoni kana kwamba fundi alimpimia. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, jasho likimtiririka, akageukia dirishani.

"Baba," akasema, "uuguzi nakwenda kuusomea ng'ambo. Mume wangu ameniruhusu."