Kengele ya Kitanda cha Sita

"Wastani wa ucheleweshaji kwa mwezi ni nusu sekunde," bosi alisema. "Mtandao wa hospitali ni mzima. Weka sahihi kwenye ripoti, dada, usitafute chawa kwenye kipara."

Fundi alikuwa ameshauacha wastani, anasoma vipimo kimoja kimoja. Jana asubuhi, pakiti ya data iliyobeba mlio wa kengele ya kitanda cha sita iliwafikia wauguzi baada ya dakika nne.

Mtandao huo aliupima na kuupitisha yeye mwenyewe, siku ya Jumapili, ofisi zimefungwa, hakuna foleni ya data.

Mume wa mgonjwa wa kitanda cha sita, aliyefariki jana hiyo, alisimama mlangoni, ndala za mkewe mkononi.

"Binti yangu, ina maana kengele haikulia?"

Bosi alimkanyaga fundi mguu chini ya meza.

"Ililia, baba," fundi alisema, akiuvuta mguu wake. "Vuta kiti nikuonyeshe ilikokwama."