Wino wa Mwanahawa

Siku hizi kila mtu ana pacha wa mashine wa kumwakilisha pale asipoweza kufika. Wengi huwatuma kazini. Mke wangu Mwanahawa humwacha wake nyumbani, pamoja nami.

Yeye ni mchoraji wa klabu ya wapenzi wa hadithi za anga hapa Morogoro. Leo wanasoma, kesho wanashona mavazi ya wasafiri wa nyota, keshokutwa ni maonyesho. Wenzake hawawezi kukaa bila yeye.

Pacha anapika na kucheka kama yeye, lakini mimi sidanganyiki. Natazama vidole. Vya Mwanahawa havikosi wino wa buluu. Vya pacha ni safi daima.

Jana jioni aliniandalia ugali, nikaona wino kwenye kidole gumba. Nikajua amerudi mwenyewe.

"Mama Shomari, leo umewakimbia wenzako?"

"Nimekukumbuka, mzee wangu. Kwani vibaya?"

Tukala sahani moja. Nikamwambia yote niliyoyaficha tangu Ramadhani: kwamba nyumba imepoa, na kama amenichoka aje aniambie mwenyewe. Akasema hatatoka tena.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mwanahawa, nyuma yake watu wakishangilia.

"Baba Shomari, usinisubiri. Mchoro wangu umeshinda!"

Nikamtazama aliyekaa mbele yangu. Akaficha mkono ndani ya kanga.

"Kila siku unavitazama vidole vyangu," alisema, "halafu unahuzunika."

Akainuka kwenda kunawa.

"Hicho kidole," nikamwambia, "usikioshe."